Gari la Shemeji na Kanuni ya Funguo Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Tumeondoka saa mbili kasoro robo asubuhi. Nimekabidhiwa gari-nyumba la shemeji yangu, kaka yake mke wangu: basi la zamani la abiria thelathini ambalo yeye mwenyewe, kwa mikono yake na kwa muda wa miaka minne, aliligeuza kuwa chumba cha kulala, jiko la gesi, kabati na meza ya kukunja. Hana mtoto. Gari hili ndilo mtoto. Sasa magoti yake yamegoma kukanyaga klachi, naye ametangaza kwamba atalirithisha kwa mmoja wa waume wa dada zake wawili. Yaani mimi, au mwanyumba wangu.

Mwanyumba wangu ni kinyozi. Alilichukua wiki iliyopita kwa majaribio. Amelirudisha siku aliyoahidi, halina mkwaruzo, tena limeoshwa. Kuosha hakukuwa katika masharti. Huko ni kujipendekeza.

Wiki hii ni zamu yangu. Sharti ni moja: Jumapili lirudi kama lilivyoondoka. Shemeji alinieleza, ufunguo ukiwa bado mkononi mwake, kwamba barabara haimtishi; kinachomtisha ni wezi wa kwenye kambi za wasafiri, maana rafiki yake alivunjiwa gari akaachiwa usukani. Nikamwomba aondoe shaka. Nimekuwa mkuu wa bohari la vifaa vya barabara miaka thelathini na mmoja. Hakikutoka kitu bila saini. Kusema kweli, hakikutoka kitu.

Mke wangu akauliza mwizi atatafuta nini kwetu. Akahesabu kwa vidole: mablanketi mawili, birika, na fulana zangu. Akasema mwizi akiziona fulana zile atatuachia na za kwake.

Hajawahi kufanya kazi bohari.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Kambi ya mtoni. Mpango wa kwanza: Jitu.

Mwizi humpima mwenye mali kwa miguu yake. Nilikuwa nimenunua viatu vya mtumba, buti za namba arobaini na nane, nikazipaka tope na kuziweka mlangoni kama za mtu aliyeingia sasa hivi kujinyoosha. Kando yake bakuli la mbwa lenye ukubwa wa beseni, mnyororo mnene, na kibao nilichokiandika kwa herufi kubwa: MBWA MKALI. Hatuna mbwa. Mke wangu akataka kujua, kati ya jitu na mbwa, nani anamwogopa mwenzake. Maswali ya aina hiyo hudhoofisha ulinzi.

Tukaenda kutembea kando ya mto kwa muda wa saa moja. Tuliporudi, buti hazipo. Bakuli halipo. Mnyororo haupo. Kibao kipo, na chini yake mtu ameandika kwa mkaa: Yuko wapi?

Mke wangu alikaa chini kwenye nyasi kwa kucheka, nikalazimika kumnyanyua. Mimi nikakagua gari. Mlango mzima. Madirisha mazima. Kwa hiyo mpango umefaulu: wezi wamekuja, wameridhika, wamekwenda zao.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Tumehamia kambi ya ziwani. Magari mengi, majirani wengi, hatari nyingi.

Mpango wa pili: Kikohozi. Kikohozi cha mtu mzima ni hodi iliyogeuzwa. Humwarifu anayekaribia kwamba mwenye nyumba yupo, yu macho, wala hajafurahi. Nikarekodi kwenye simu yangu ya zamani nusu saa ya kikohozi changu, kizito, chenye madaraka, nikaipanga ijirudie. Tukafunga mlango, tukaenda sokoni.

Tuliporudi tulikuta mkutano. Jirani yetu wa kulia ni muuguzi aliye likizoni. Kwa saa moja na nusu alikuwa amemsikiliza mtu akikohoa bila kupumzika na bila kuitikia hodi, mwishowe akamwita mlinzi wa kambi. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya dirisha la shemeji yangu akiwa ameinua nyundo. Nilikimbia jinsi ambavyo sijakimbia tangu nistaafu. Nikaudaka mkono wake.

Nikaeleza mbele ya watu kwamba ile ilikuwa simu. Muuguzi akasema simu haikohoi hivyo, kifua ndicho kinachokohoa hivyo. Akanikalisha kwenye kiti, akanigonga mgongoni kama mtu anayechagua tikiti maji, akatangaza kwamba upande wa kushoto hajaupenda. Nimeandikiwa dawa, kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Ni chungu kama shubiri. Mke wangu amejiteua kuwa msimamizi na hakosei saa hata kwa dakika.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mwanyumba ametokea. Amekuja na hema, pamoja na mkewe, ambaye ni mdogo wake mke wangu. Ati walikuwa wanapita tu. Barabara hii inaishia ziwani. Anayepita hapa anakwenda kuzama.

Alipomaliza kusimika hema akatoa kigoda na mkasi. Kabla ya saa sita alikuwa amemnyoa mlinzi, amemnyoa mume wa muuguzi, na amejua nani ana binti anayesomea sheria na nani hali vitunguu. Mimi sijaamkiana na jirani yeyote tangu tufike. Salamu ya kwanza huuliza habari. Ya pili huuliza unaondoka lini. Ya tatu huja na gunia.

Hema lake halifungwi. Lina zipu, nayo huivuta hadi nusu. Alikwenda kuvua samaki mchana kutwa, akaacha redio juu ya mto wa kulalia. Aliporudi, redio ipo. Zaidi ya hayo, mtu alikuwa amemwanulia nguo. Nikamwonya kama kaka. Akanijibu, "Mwanyumba, kufuli langu ni majirani."

Nimeandika, nami nalisimamia neno langu: kutoibiwa kwake ni bahati, kutoibiwa kwangu ni utaratibu.

Jioni nimeanzisha Kanuni ya Funguo Mbili. Ndiyo iliyolinda bohari: asiwepo mtu mmoja, hata mkuu, awezaye kufungua peke yake. Mlangoni sasa pana kufuli mbili. Ya juu, ufunguo ninao mimi. Ya chini, anao mke wangu, shingoni, katika kamba, wala haruhusiwi kuuvua. Funguo za akiba nimezitupa ziwani, kwa kuwa ufunguo wa akiba ni mwizi ambaye bado hajaajiriwa. Madirisha nimeyakaza kwa skrubu kutoka ndani.

Mke wangu akauliza: ikiwa amesahau miwani ndani, nami nimesinzia huko kivulini, atafanyaje. Nikamwambia atanijazia fomu. Amesaini daftari la funguo kwa kuchora kuku.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Siku ngumu. Nitaiandika kwa mpangilio.

Saa tatu mke wangu na mdogo wake walipanda mashua ya abiria kwenda mji wa ng'ambo. Kurudi saa kumi. Kabla hajaondoka tulifunga kufuli zetu pamoja, kwa kuhesabu moja mbili tatu, nikaona fahari. Nikawapungia mkono mpaka mashua ikawa kama punje ya mtama. Nikaona sasa inafaa ninywe chai.

Chai ilikuwa jikoni. Nilikuwa nimeibandika mwenyewe, moto ukiwa mkubwa.

Nikazunguka gari. Mlango: ufunguo wangu umefungua ya juu, ya chini inanitazama. Madirisha: skrubu kumi na sita, kazi yangu, kazi safi. Harufu ikaanza kutoka. Mwanyumba akaja akijifuta povu mikononi, akanusa, akaniuliza, "Mwanyumba, unapika chuma?"

Akaniomba ruhusa asaidie. Nikakataa. Kinyozi akiweza kulifungua gari hili, gari limeshakuwa lake.

Palikuwa na tundu moja tu: dirisha la paa. Nikapanda juu ya meza ya muuguzi na kutoka hapo paani, bila kumwomba, kwa kuwa hatujaamkiana. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Kiuno kikasita, kikafikiri, kikakataa. Nikawa nusu ndani nusu nje, nikiliona birika chini yangu likiwa jekundu, nalo likiniona.

Ndipo mlinzi alipopiga filimbi.

Watu wakajaa. Niliwasikia vizuri, ingawa walichokiona wao ni miguu. Mlinzi akauliza miguu hii ni ya nani. Hakuna aliyejua. Akamwita mwanyumba aje aitambue. Mwanyumba akaitazama kwa muda mrefu, akasema hawezi kuapa. Akaomba wa kushoto uchezeshwe kidogo. Nikauchezesha. Akasema unamkumbusha mtu, ila huyo ni mtu mwenye heshima zake. Nikataka kumjibu, moshi ukanipalia, nikakohoa. Muuguzi akanitambua mara moja. Akasema ndiye yule, na kwamba dawa hanywi.

Wakanivuta. Nilitoka. Fremu ya dirisha ilitoka pamoja nami, ikiwa kiunoni kama mkanda.

Wakati huo mwanyumba alikuwa amekwenda nyuma ya gari, akafunga mtungi wa gesi. Upo nje. Umekuwa nje siku zote. Kisha akautazama mlango, si upande wa kufuli bali upande wa bawaba, akatoa bisibisi ya kurekebishia mashine yake ya kunyolea, akafungua skrubu nne. Mlango ukafunguka kinyumenyume. Nataka ieleweke kwamba kufuli ya chini haikuguswa. Ilibaki imefungwa mpaka mwisho.

Mke wangu alirudi saa kumi, ufunguo ukiwa shingoni. Amefuata kanuni barabara.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Gari likirudi hivi, nimelikosa. Fremu imepasuka pande mbili. Mwanyumba akasema nimpe nusu saa na kipande cha mbao, ataitengeneza isijulikane. Nikamshukuru, nikakataa. Kesho angesimulia nani aliyetengeneza, na kwa nini.

Nikatengeneza mwenyewe kwa gundi, nikaishikiza kwa taulo mpaka ikauke. Fremu imeshika. Taulo nalo limeshika. Sasa ni sehemu ya dari. Nimelipunguza kwa mkasi. Kwa mbali linafanana na pambo.

Nimeandika taarifa ya kurasa tatu kwa shemeji: "Kuhusu Jaribio la Wizi Lililofanyika Kupitia Paa, na Jinsi Lilivyozimwa." Mke wangu ameisoma yote kwa utulivu. Akasema kila neno humo ni la kweli isipokuwa mwizi. Ameahidi kunyamaza, ila kaka yake akimwuliza uso kwa uso hatamdanganya, kwa sababu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Nimemwomba asikae uso kwa uso.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Tumefika kwa shemeji saa nane. Mwanyumba na mkewe walitutangulia, wameshakaa, wameshapewa soda.

Shemeji alilizunguka gari polepole na mkongojo wake, akipitisha kiganja ubavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hakuingia. Akakaa, akasema ananisikiliza. Nikasimama. Nikasoma. Nilisoma vizuri, sauti yangu, japo najisifu, ilijaza ukumbi. Nilipofika aya ya mwizi nikamweleza ilivyostahili: mtu wa makamo, mwenye nguvu, mzoefu, aliyekurupushwa na uimara wa mfumo.

Shemeji akauliza kama mwizi huyo alivaa soksi za kijivu, moja imetoboka kisigino.

Kumbe namba yake ya simu imeandikwa nyuma ya gari, kwa rangi nyeupe, kubwa, kama ya basi. Sikuwahi kuisoma, mimi hukagua milango. Mlinzi alimpigia Ijumaa nikiwa bado paani. Shemeji akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba alimsihi mlinzi asimpige mwizi yule, kwa kuwa ni mume wa dada yake.

Afadhali wangecheka. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mke wangu, naye alikohoa kuficha.

Mwanyumba aliinamisha uso kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kushinda. Shemeji akamgeukia, akamwuliza mlango wenye kufuli mbili ulimchukua muda gani. Mwanyumba, kwa furaha, akasema hata dakika mbili hazikutimia. Shemeji akatikisa kichwa. Akasema gari lake hatamwachia mtu asiyeweza kuliingia, wala hatamwachia mtu anayeliingia kirahisi kiasi hicho. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka katikati ya dada zake. Ni lao wote wawili, mwezi huku na mwezi huku. Waume watasafiri wakialikwa. Watakaa viti vya nyuma.

Mwezi wa kwanza ni wa mke wangu. Ameliendesha mwenyewe mpaka nyumbani, vizuri kuliko nilivyotarajia, na njiani amesimama mara mbili kuamkia watu.

Sasa ni jioni. Yeye ameshalala. Nimekaa mezani nikitafakari, na sioni mahali nilipokosea. Katika siku saba hakuna aliyeiba kitu ndani ya gari. Mfumo ulikuwa sahihi. Uliharibiwa na watu.

Lakini nimeona jambo la kutisha. Mkoba wa mke wangu uko hapa mezani, zipu wazi, na ufunguo wa gari zima umo ndani, unaonekana. Yeyote angeweza kupita akauchukua. Nimebakiwa na ile kufuli ya juu, ya kubana bila ufunguo, nzima kabisa. Nimeupitisha utepe wa zipu katika pete ya mkoba, nikafunga. Imelia vizuri.

Ufunguo wa kufuli nilikuwa nimeutia humo ndani kwanza, pamoja na ule wa gari, ili zisipotee.