Chapati ya Afande Lumosi

Jumamosi hiyo asubuhi, watu wa benchi la Mirriam hawakusalimiana. Kabiru alifika, akatua sanduku lake la kushonea viatu, akasema: risasi arobaini na moja. Bastola moja, haikujazwa hata mara moja. Yeye alihesabu kwa vidole vyake, vikaisha, akaanza kuhesabia vya jirani.

Kila mtu alijua anasema nini. Jana yake jioni, ukumbi wa Kaloleni, ulio hatua chache tu kutoka kibanda cha Mirriam cha chai, ulionyesha *Zamu ya Afande Lumosi*, sinema ya polisi iliyopigwa papa hapa mtaani. Watu walijaa hadi madirishani wakitafuta sura zao kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha. Walitoka kama waalikwa wa harusi waliokuta sufuria zimeshaoshwa.

Phares ndiye aliyeumia zaidi. Alistaafu reli baada ya miaka thelathini ya kukagua tiketi, na kwa kuwa aliamini hiyo pia ni kazi ya upolisi, benchi lilimwita Inspekta. Alieleza kwa uchungu jinsi Lumosi alivyomkimbiza jambazi, wakaingia kichochoro cha Makongeni, wakatokea Karen, upande wa pili wa jiji. Kwa miguu. Bila kupita raundabauti hata moja. Mirriam, akiwa amemimina nusu kikombe na kusahau nusu nyingine, alimshangaa jambazi mkuu ambaye badala ya kufyatua risasi alitoa hotuba. Jirani yake alitoka ukumbini, akaenda kuzima maharagwe nyumbani, akarudi, akakuta jambazi bado anahutubu.

"Na godauni kulipuka je?" Kabiru akauliza. "Si lilikuwa limejaa magodoro? Godoro linalipuka?"

Wote wakamgeukia Owiti, maana Owiti alikuwa bawabu wa godauni la magodoro Industrial Area, na hiyo ndiyo Jumamosi yake ya kupumzika. Alijaribu kujibu kitaalamu. Alisema godoro huungua polepole na kwa harufu mbaya, na mtu akitoka pale akitembea kwa madaha bila kuangalia nyuma, kama Lumosi, ni kwa sababu hawezi kufungua macho. Kisha chai ikampitia puani, na benchi zima likacheka hadi muuza mboga wa ng'ambo akaja kuuliza nani amekufa.

Lakini katikati ya kicheko hicho kulikuwa na jambo lililomkaa Owiti kooni tangu jana, na hakujua alitoe vipi.

Jina lake la benchini lilikuwa Nilikuwepo. Likitajwa tukio lolote, mafuriko, mgomo, ajali ya gari moshi, Owiti alikuwepo, na mara nyingi alikuwa amesimama mbele. Watu walishazoea kumkata kabla hajafika kati. Mtu mwenye jina kama hilo, akiwa na jambo la kweli la kusema, huwa na shida kubwa.

Mabishano yakahamia kwenye kuiga. Phares alisema koti la ngozi, miwani ya jua gizani na kijiti cha meno vilikuwa vya makusudi: mtengenezaji alikuwa akiwapa heshima wazee wa sinema waliomtangulia. Kabiru hakukubali. Alisema hata yeye huletewa kiatu cha ng'ambo aige, na huiga. "Lakini Inspekta, kiatu cha kuiga bado lazima kitembee. Huyu ameshona kisigino cha huyu na soli ya yule, na hakuna mguu unaoingia. Hiyo si heshima, ni mtumba."

Mirriam akasema kuna mahali kilitembea, na hapo hata Kabiru akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Katikati ya sinema Lumosi anampata mshukiwa aliyemsaka mwaka mzima. Jamaa ameketi kibandani na chapati mkononi, amechoka kukimbia. Lumosi anatoa pingu, anaziweka mezani, anavuta kiti, anamwagizia chai ya pili. "Kula kwanza," anamwambia. "Tunakoenda hakuna haraka." Phares alikiri alilia, ingawa alisingizia vumbi la viti.

Ndipo redio ya Mirriam, iliyokuwa ikinong'ona juu ya rafu, ikamtaja mtengenezaji. Mirriam akaongeza sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Wacuka, mzaliwa wa Mathare. Mtangazaji alimuuliza kuhusu chapati, naye akasema hiyo si akili yake. Aliiona utotoni katika sinema ya kigeni, kwenye banda la video Mathare, na ameiweka kwa heshima ya walioitengeneza. Alichoshindwa kuelewa ni kwamba amenunua kila nakala ya sinema hiyo na hajawahi kukiona tena kile kipande. Anafikiri kilikatwa.

Owiti akaweka kikombe chini.

"Hakikukatwa," alisema. "Hakikuwepo. Ni mimi."

Kabiru alikuwa wa kwanza kugonga sanduku lake kwa furaha. Phares akapendekeza sasa wamwite Nilikuwepo Hollywood. Lakini Owiti, kinyume cha desturi yake, hakupandisha sauti. Aliwaambia kwamba kabla ya ubawabu alikuwa mtafsiri katika banda lile, kipaza sauti kikiwa kimefungwa kwa utepe kwenye mti wa mwavuli, akiwageuzia watu Kizungu kuwa Kiswahili cha mtaa. Siku moja, saa kumi na moja jioni, stima ikapotea sinema ikiwa katikati. Watu arobaini gizani, mabenchi yameanza kurushwa. Kipaza sauti kilikuwa kimekufa pia, kwa hiyo akatumia koo. Akaendelea kuisimulia sinema bila picha. Tangu asubuhi alikuwa hajaonja kitu, na mama wa mlango wa pili alikuwa akipika chapati. Mkono wa mshukiwa ukaenda kwenye chapati wenyewe.

"Shahidi?" Phares akauliza, kama anayeomba tiketi.

Owiti hakuwa na shahidi. Aliinamisha kichwa, akajuta kusema. Angalau uongo wake wa kila siku ulikuwa ukiwachekesha. Huu ukweli ulikuwa umelala tu hapo mezani, na hakuna aliyeutaka.

Muda si mrefu, pikapu ilisimama mbele ya ukumbi, akashuka mwanamke mwenye suruali ya mifuko mingi, aliyekuja kuchukua mashine yake ya sinema. Sauti ilikuwa ile ya redioni. Mahojiano yalikuwa yamerekodiwa siku mbili kabla. Mirriam hakungoja ruhusa ya mtu. Alimwita chai, akamwekea kikombe, akamwambia yule mzee mwenye kofia anadai chapati ni yake.

Wacuka akatabasamu kwa adabu ya mtu aliyechoka kudaiwa vitu. "Na baadaye ilikuwaje, mzee? Mshukiwa alimjibu nini polisi? Hiyo sikuiweka kwenye sinema yangu."

Owiti alivua kofia. Miaka mingi hakuwa ameitumia sauti ile, na ilipotoka ilimshtua hata Mirriam. Ilikuwa nzito na ya karibu, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Na wewe, afande? Wewe umekula?"

Wacuka alikiweka kikombe mezani, kikakosa meza. Hakuna aliyeinama kukiokota.

"Nilikuwa mbele kabisa," alisema polepole. "Nimekalia jerikeni. Mama akaingia, akanishika sikio, akanitoa nje. Afande alikuwa bado hajamjibu." Akamshika Owiti mkono. "Baba, miaka ishirini na minne nimetafuta mwisho wa hiyo hadithi. Nilipoukosa, nikaushona na vipande vya sinema za watu. Najua haviingiani. Niambie. Iliishaje?"

Kabiru akajifanya anatafuta sindano ndani ya sanduku.

Owiti aliwatazama wote. Angeweza kuutunga mwisho palepale, mdomo alikuwa nao, na kwa mara ya kwanza benchi lingeapa kwamba ni kweli.

"Sijui," akasema. "Ulipotolewa tu, stima ikarudi, sinema ikaendelea na yake."

Kisha Wacuka akaanza kucheka, akainama, akashindwa kusimama, akaketi chini karibu na kikombe chake kilichomwagika. Mirriam alicheka akishikilia nguzo ya kibanda. Phares alicheka kimya, machozi yakimtoka, na safari hii hakutaja vumbi.

Walipotulia, Wacuka alivuta kigoda hadi mbele ya Owiti, akakikalia, akakunja mikono magotini. Alimwambia aendelee pale alipoachia, leo hakuna mama wa kumtoa nje.

Mirriam akazima redio. Owiti akakohoa kidogo, akatazama juu ya paa za mabati kana kwamba kitambaa kimetundikwa huko.

"Afande akamwambia, 'Mimi sijala tangu jana.' Basi yule mshukiwa akaikata chapati yake—"

Phares akainua mkono kwa unyenyekevu. Aliomba wamsubiri kidogo tu. Alikuwa amebanwa na haja tangu asubuhi, na hakutaka kupitwa.

Wakamsubiri.