Uzinduzi wa Mavumbi, Makongeni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Albamu imeisha! Njau wangu ameingia wakati wa chai na flash yenye nyimbo imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kama medali. Wamerekodi kule Gitothua, Ruiru, kwa banda la kuku la babake Urbanus, mpiga gitaa wao. Trei za mayai ukutani ndio kelele isitoke. Bado anachomoa manyoya kwa nywele.

Bendi inaitwa Mavumbi. Muziki unaitwa melodic death metal. Mimi niliachia shule darasa la nane, kwa hivyo naandika vile nasikia. Njau ananguruma kama mtu amefunikwa na gunia. Chini yake gitaa la Urbanus linaimba, tamu, kama kwaya ya akina mama ikisikika kutoka mbali. Ni hiyo tamu iliyonifanya nikubali kuolewa.

Albamu yote ni ya Mwas, ndugu mdogo wa Njau. Yeye ndiye alikuwa anapiga ngoma. Gari lilimgonga mwaka jana akivuka barabara kuu. Sasa ngoma zinapigwa na kompyuta.

Halafu habari mbaya. Uzinduzi ni Jumamosi, ukumbi wa hapa Makongeni. Njau amesema watu wasipojaa, anaenda Uarabuni kulinda maduka. Miaka miwili! Cucu, nyanyake mtoto wetu na mamake Njau, ambaye tunaishi naye, amefurahi mpaka ameniongezea sukari kwa kikombe. Ajenti wa kazi za huko alishaongea naye. Anasema kijana mmoja alichukuliwa na lami na huyu wa pili anachukuliwa na kelele.

Nimeangalia mtoto. Tulimpa jina la Cucu, Waithira, kwa hivyo humu ndani hata akimwaga uji hakuna wa kumkemea. Ana jino moja. Miaka miwili, na atamwita babake anko.

Haendi popote. Nina mpango.

Jumanne, 9 Septemba

Shiko, msichana wa Urbanus, ametengeneza tangazo. Fuvu. Damu. Jina la bendi limeandikwa kama mizizi ya mti, hata Njau hawezi kulisoma. Ameliweka kwa simu na anajivuna ati limependwa na watu wa Finland. Nimemuuliza kama Finland watafika Jumamosi. Amesema mimi sielewi mambo ya brand.

Sawa. Lakini uzinduzi wa albamu naujua. Nimehudhuria mingi kanisani. Kunakuwa na mchungaji, akina mama kwa sare, chakula, na watu mpaka madirishani. Sijawahi kuona fuvu.

Nitatengeneza tangazo langu. Njau nitamfanyia sapraizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimetoka Thika mjini. Kijana wa saiba, pale wanapochapisha matangazo, ana heshima sana. Ameniuliza kama niko na picha nzuri ya Njau. Picha akiwa amevaa tai anayo moja tu, ile aliyosimama kando ya jeneza la Mwas. Kijana akakata jeneza likatoka kabisa! Akauliza, maua? Weka maua. Mshumaa? Weka. Njiwa? Weka wawili. Amesema mchoro huo huutumia kila wiki, anabadilisha majina tu. Jina kamili nikampa, na mwaka wa kuzaliwa. Akauliza mwaka ule mwingine. Nikamwambia aache hapo wazi.

Imetoka safi. Njau anaonekana mtu wa maana.

Nikapitia kwa Mchungaji Zacharia kumwomba afungue na maombi. Akataka kujua nyimbo zinahusu nini. Nikasema kifo, na uchungu wa kupoteza ndugu. Akauliza kama ni za Kiswahili. Nikasema ni za Kiswahili. Hakuuliza kama maneno yanasikika, kwa hivyo sijadanganya.

Nimebandika kutoka stage ya matatu mpaka sokoni. Nyingine nimetuma kwa jamaa wote.

Ijumaa, 12 Septemba

Hii sasa ni umaarufu! Leo sikuweza kufika dukani. Akina mama wananishika mkono na hawauachilii. Mmoja amembeba mtoto, mwenyewe akalia. Jirani yetu Dianah ameleta unga na sukari. Hivyo ndivyo watu wanapenda muziki ukiwaeleza vizuri.

Simu ya Cucu nayo haijanyamaza. Watu wanampa pole kwa sababu ya kijana. Amedhani ni ya Mwas, maana mwaka unafika. Amelia, ameshukuru, ameniambia kumbe watu hawasahau.

Njau analala Gitothua wakifanya mazoezi, simu imezimwa. Afadhali. Asije akaharibu sapraizi.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Mpaka madirishani. Naandika haya kabla ya mengine kwa sababu ni kweli, na hakuna wa kuninyang'anya hilo.

Mzee Kagwe, baba mdogo wa Njau, alitoka Gatanga na lori nzima ya jamaa. Shangazi yangu Wayua alitoka Matuu. Akina mama walikuja na vitambaa vyeupe na sufuria za wali. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mchungaji akaombea familia, akamwombea mjane mchanga. Nikatafuta mjane ni nani. Nikadhani ni mtu wa kanisa lake.

Mavumbi wakaingia. Wao hujipaka majivu uso wote, huwezi kumjua yeyote. Njau akaona watu, akasimama kidogo. Akanguruma.

Hakuna aliyetoka! Matangani hutoki kabla ya chakula kuliwa, lakini hilo sikuwa nimelijua bado. Walidhani ni marafiki wa marehemu wanaomboleza vile vijana wa siku hizi huomboleza. Wimbo wa kwanza, wakaanza kulia. Wa tatu, akina mama wakaanzisha pambio chini ya gitaa la Urbanus, na naapa ziliingiana.

Wa mwisho ni wa Mwas. Huo Njau hangurumi. Anataja jina tu, tena na tena. Cucu alikataa mwaka mzima kusikia hata wimbo mmoja. Akasimama. Akashika kiti cha mbele yake na akalia kwa sauti, na Njau huko juu analia, majivu yanatiririka mpaka kwa shati.

Ningeomba siku iishie hapo.

Lakini Njau akaenda kunawa kwa mfereji. Akarudi uso safi, akachukua sahani, akapanga foleni nyuma ya Shangazi Wayua. Shangazi akageuka. Sahani ikaanguka kwanza, yeye akafuata.

Mzee Kagwe akatoa tangazo langu kwa koti. Akaangalia picha. Akamwangalia Njau.

"Kijana, wewe uko hai?"

"Kwani mliambiwa nini, baba?"

Njau akalisoma tangazo. Maua, mshumaa, njiwa, mwaka mmoja na pale wazi. Akauliza polepole, "Nani aliweka picha ya mazishi ya Mwas?"

Watu wote wananiangalia. Nikasema Shiko.

Mzee Kagwe akasema watu wameshakuja, chakula kimeshapikwa na mchungaji ako hapa, haifai yote yaende bure. Si kijana anaenda Uarabuni? Basi aombewe ya safari. Wakamwekea mikono kichwani. Cucu ndiye alifunga na amina.

Jumapili, 14 Septemba

Njau hajakasirika! Asubuhi amekaa na mtoto magotini, akaniambia, "Katunge, wamelia. Hata kama walidhani ni mimi. Mama alisimama, ulimwona?" Haendi tena. Amemwambia Cucu hapo hapo. Cucu hajabisha. Amemwomba tu amwekee ule wa Mwas kwa simu.

Nimeshinda.

Kuna hayo ya Shiko. Nilikuwa niseme ukweli leo. Lakini mtu akiwa na furaha hivi, unamharibia kwa nini? Na Shiko ana watu wake Finland.

Jumatano, 17 Septemba

Njau alienda Gitothua kumwambia Urbanus yule msichana wake alikaribia kuua watu wazima. Shiko ameapa kwa kila kitu. Urbanus amemwamini Shiko. Amesema Njau anamsingizia mtoto wa watu ili aonekane msafi kwa jamaa zake. Amechukua gitaa. Amebandua trei. Banda ni la babake, kuku wanarudi.

Njau amerudi na miguu yake imejaa vumbi. Ameniuliza mara moja tu.

"Katunge. Ni Shiko kweli?"

Nimemwangalia mtoto. Nimesema ni Shiko. Sasa nikisema ni mimi, si itaonekana nilidanganya?

Jioni ametuimbia bila gitaa. Imebaki ile sauti ya gunia peke yake. Hata mtoto amegeuza uso. Njau akanyamaza katikati, akavaa koti, akaenda Ruiru kwa ajenti.

Jumatatu, 29 Septemba

Ameondoka jana. Mtoto alikuwa amelala, hakutaka tumwamshe. Alimbusu mguuni, juu ya soksi.

Nyumba imenyamaza. Leo mtoto ametambaa kumtafuta nyuma ya pazia, akarudi kwangu, akaenda tena nyuma ya pazia. Cucu anasikiza wimbo wa Mwas kwa simu. Alitaka Njau aende, na sasa hata chai haishuki.

Nimekaa nikafikiria nilikosea wapi. Nimepaona. Nilitegemea tangazo, na tangazo haliwezi kueleza mtu. Mambo kama haya unaongea mwenyewe.

Kwa hivyo nimempigia Urbanus. Nimemwambia Njau ameanguka mara tu alipofika, ako mahututi, hatambui mtu, analosema ni gitaa, gitaa. Nimesikia Urbanus anapiga kwikwi. Shiko pia, huko nyuma yake. Si msichana mbaya.

Trei zinarudi ukutani. Jumamosi wanakutana ukumbi ule ule kumwombea na kumpigia albamu yote. Mzee Kagwe naye nimemwambia, anatafuta lori kubwa kuliko ile. Ukumbi utajaa! Nitachukua video, nitamtumia Njau, aone watu vile wanampenda, na atarudi na ndege ya kwanza.

Cucu nitamwambia baadaye.