Ekseli Isiyoheshimu Wakwe

Kijiji cha Ujamaa, Kata ya Kasoli,
Bariadi.
Aprili 9, 1976.

Ndugu Uledi,
Fundi Mkuu, Karakana ya Wilaya.

Ndugu Fundi Mkuu,

YAH: MWENENDO WA EKSELI YA NYUMA YA LORI LA KIJIJI

Mwangaluka, na pole kwa kazi. Hatujuani. Mimi ni Mektilda binti Bundala, mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa kijijini, na nimemaliza kidato cha nne. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nataka ujue kwamba haya ninayokueleza juu ya ekseli nimeyafikiria kwa utaratibu, na mengine nimeyafikiria nikiwa hewani.

Ningeweza kupeleka malalamiko yangu kwa Mwenyekiti wetu, ndugu Januarius, lakini yeye mwenyewe alirushwa akaangukia gunia la chumvi, na tangu siku hiyo hataki lori litajwe mbele yake. Kwa hiyo nakuletea wewe, mwenye vyuma na moto wa kuchomelea. Malalamiko ni haya:

1. Lori letu liliinuliwa. Mvua za mwaka jana lilikuwa linaburuza tumbo kwenye udongo mweusi wa mbugani, na kila safari tulirudi nyumbani kwa miguu. Dereva wetu, ndugu Mtoro, akachonga vipande vya mninga, akavipachika kati ya ekseli na springi, nyuma kote. Lori likasimama juu kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku hiyo tulishangilia, na akina mama wakaomba ngazi.

Hatukujua tulichokifanya. Injini inapotaka kuzungusha magurudumu, na tope likayashika, ile nguvu haipotei. Inaigeukia ekseli yenyewe na kuisokota irudi nyuma. Springi nazo zinajikunja kama nyoka anayevuka barabara. Halafu tope linaachia ghafla, springi zinajinyoosha, na lori linaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Vile vipande vya mninga ndivyo vinavyoiongezea ekseli ubabe. Asongaye ugali anajua: mpini wa mwiko ukiwa mrefu, sufuria nzima inageuka nawe. Mtoro ameipa ekseli mwiko mrefu.

2. Ekseli hii haiheshimu wakwe. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe ni mtu wa mjini, nikueleze. Kwetu binti hamkaribii baba mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye jamvi moja, na wakikutana njiani binti huingia porini akampisha. Hata kabla ng'ombe hawajafika, maadamu maneno yameanza, heshima hiyo imeanza. Basi mwezi uliopita maneno yalikuwa yameanza kati ya baba yangu na mzee Masele wa Lingeka, kwa ajili ya mwanawe Joakim. Joakim nimeonana naye mara moja. Aliniuliza kama kidato cha nne kinafundisha kulima kwa maksai. Barua ya chuo cha ualimu nayo ilikuwa imefika wiki ileile, kwamba nimepata nafasi, na wazee wakaamua kwamba chuo kinaweza kusubiri lakini ng'ombe hawasubiri.

Tulikuwa tunarudi kutoka Malampaka, tulikokwenda kuchukua chumvi na majembe ya duka la kijiji. Mzee Masele naye alikuwa stesheni, akipakia ng'ombe wake kwenye treni, akaomba tumchukue ili aje kumalizana na baba. Tukampanga vizuri: yeye kona ya mbele, mimi kona ya nyuma, na kati yetu shangazi yangu Nyanjige, ambaye kwa umbo lake anatosha kuwa mpaka wa wilaya.

Tulipofika korongoni tope likashika. Mruko wa kwanza ulimchukua Mwenyekiti. Wa pili ulimchukua shangazi, mpaka wa wilaya ukatikisika. Wa tatu ulinichukua mimi. Niliona matawi ya mgunga kwa ukaribu ambao sijawahi kuyaona, kisha nikashuka, nami nilishuka mapajani mwa mzee Masele, nikiwa nimeshika kofia yake.

Mtoro akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Kuna aliyeanguka huko?" Shangazi akamjibu, "Hakuna aliyeanguka, mwanangu. Kuna aliyekaa."

Mzee Masele aliteremka, akatembea topeni hadi kijijini, mbele ya lori, kwa sababu lori lilikuwa limekwama na yeye hakukwama. Jioni ile akatuma mtu kwa baba: mwanamwali aliyekwisha kumkalia baba mkwe atamnawishaje mikono? Ng'ombe wa mahari waliokuwa wameshaanza safari wakageuzwa. Baba akatozwa mchenya wa mbuzi, ile faini ya wazee, na mbuzi mwenyewe akaliwa na wazee walewale waliohuzunika. Mimi nililia kama ilivyonipasa. Nilipomaliza kulia nilipiga pasi sare yangu ya shule, kwa ajili ya chuo, ili isikae bure.

3. Kijiji kimejaribu kuidhibiti ekseli hii kwa njia zake, nazo zimeshindwa.

Kwanza, Halmashauri iliamua kwamba watu ambao koo zao zimeoana wasipande lori safari moja. Uamuzi ulionekana mzuri mpaka Mtoro alipowapanga watu. Hapa sisi sote ni wakwe. Safari ya kwanza ilimbeba Mtoro peke yake, maana yeye ni mgeni na hajaoa, na alipofika Malampaka hakukuwa na wa kupakia magunia.

Pili, tuliamua wanawake wazito wakae juu ya ekseli, waikandamize. Shangazi aliombwa awe wa kwanza, kwa faida ya taifa. Alikaa, na ekseli ikamrusha vilevile, ila lori lilichelewa kutua. Wakaleta kamba zilizobaki za kufungia pamba ili wamfunge. Akasema, "Mimi si robota." Shauri likaishia hapo.

Tatu, likatundikwa turubai katikati ya lori, wanaume huku na wanawake kule. Safari ya kwanza tu, mama mmoja aliruka na turubai lake, akamwangukia mkwewe akiwa amefungwa ndani kama mkate. Wazee wakakaa kutwa kuamua kama mtu aliyemgusa mkwe kupitia turubai amemgusa au hakumgusa. Mzee mmoja alisema amelala na turubai wala hajamgusa mtu, akatolewa kikaoni. Hadi leo shauri hilo halijakatwa, na yule mama anakula peke yake jikoni akisubiri.

Nne, Katibu alisema tatizo ni dereva kukosa siasa. Mtoro akasomewa hotuba ya kujitegemea akiwa ameketi nyuma ya usukani. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na ekseli, nani ataisomea?"

4. Hili nalisema kwa sauti ndogo. Nililala chali chini ya lori, nikaitazama ile ekseli Mtoro akikanyaga mafuta. Nguvu yote imetolewa ili igeuze magurudumu, sisi sote tusonge mbele. Yenyewe inaichukua ile nguvu na kujigeuza yenyewe. Kelele nyingi, moshi mwingi, mruko mkubwa unaoonekana mpaka kata ya jirani, na lori lipo palepale. Ndugu Fundi Mkuu, simsemi kiongozi yeyote. Nasema ekseli. Lakini watoto wa kisomo chetu, ambao wadogo kati yao wana miaka hamsini, wameanza kumwita mtu fulani kwa jina la ekseli hata katika mikutano, na kicheko hicho kitatuletea matatizo makubwa kuliko tope.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Naomba utuchomelee bomba la chuma, imara, lianzie kwenye ekseli na kwenda mbele hadi kwenye chesisi. Ekseli ikitaka kujisokota, bomba liizuie, kama mkono wa mama ulioshika shingo ya mtoto mbishi. Tafadhali, ncha ya mbele usiichomelee moja kwa moja. Iningʼinie kwenye pingili fupi inayocheza, kwa sababu springi zinahitaji kupanda na kushuka, na ukizikaza kabisa tutaumia migongo badala ya heshima. Mchoro nimeuweka ndani ya bahasha. Nimechora pia binti mdogo juu ya lori, ili uone kipimo.

Kama bomba hakuna, basi naomba wilaya itangaze kwamba ndani ya lori hakuna wakwe. Ukwe uachwe chini unapopanda, kama wanavyoacha viatu msikitini, na mtu aje kuuchukua anaposhuka.

Kama hilo nalo ni gumu, ukwe usimamishwe wilaya nzima kuanzia mvua za kwanza hadi udongo ukauke. Wazee watapinga, lakini watapinga wakiwa wamekaa, na hilo peke yake ni maendeleo.

Na kama hata hilo haliwezekani, basi pasiwe na ndoa yoyote kati ya vijiji vilivyo kwenye njia ya lori. Wasichana tuolewe na wanaume wanaofikika kwa miguu, au tusiolewe kwanza, mpaka chuma kipatikane. Nimelitafakari sana hili la mwisho, na kwa upande wangu niko tayari kujitolea.

Nawasalimu wote wa karakana, pamoja na yule ambaye Mtoro aliniambia huchomelea bila miwani. Mwambie macho hayana spea. Wasalimie na watoto wako. Baba, mama na shangazi Nyanjige wanakusalimu, shangazi akiwa amesimama, maana bado hajaweza kuketi vizuri.

Wako katika kujenga taifa lisiloruka,

Mektilda Bundala

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, Mtoro akaniambia kwamba bomba unalo tayari na ungeweza kulifunga hata kesho. Nashukuru, lakini tafadhali usifanye haraka. Jumamosi lori linakwenda Malampaka kumchukua mzee Mihayo, anayekuja na wazee wake kuniposa kwa ajili ya mwanawe Thomasi. Huyo Thomasi ni kijana mzuri sana, hanywi, na amemwambia baba kwamba mke mwenye cheti ni sawa na ng'ombe mwenye miwani. Wazee wamekwisha kumpangia mzee Mihayo kona ya mbele. Mimi nimeomba kukaa juu kabisa ya ekseli, nami nimekubaliwa bila ubishi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepataka. Basi ekseli na iachwe huru kwa safari hiyo moja. Bomba ulifunge Jumapili, ulikaze vizuri kwa kadiri ya nguvu zako, kwa sababu Jumatatu nitapanda na sanduku langu kuiwahi treni ya kwenda chuoni, na siku hiyo ningependa kufika.