Maji ya Bomba na Samaki wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amesafiri mpaka Jumapili. Ameniachia funguo, tangi la kioo na samaki sita wa dhahabu. Mimi! Si mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu na anayejiona kapewa akili za ukoo mzima. Akirudi ataamua nani kati yetu apewe chumba chake cha mbele. Mimi nakitaka kwa ufundi wa saa. Nimechoka kutengenezea saa chini ya ngazi, kila nikiinuka nagonga kichwa. Yeye anataka kuweka baiskeli. Baiskeli!

Samaki mkubwa anaitwa Jaji. Alinunuliwa na marehemu baba mkwe. Mama mkwe humsalimia yeye kwanza, kisha mimi, akikumbuka. Agizo ni moja tu: maji nisiyaguse.

Jumanne, 4 Machi
Maji yana ukijani. Nitayabadilisha yote, mama mkwe akute kioo kinang'aa. Najua mambo, mie: maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua samaki, lakini ukiyaacha wazi kwenye ndoo siku nzima inapaa yenyewe. Ndoo nne ziko barazani. Mke wangu kauliza kwa nini nisifuate nilivyoambiwa. Nimemjibu kwamba watu wakubwa hawangoji kuambiwa. Kachukua kikapu, kaenda sokoni. Bila shaka kakubali.

Jumatano, 5 Machi
Mwanyumba kapita, kaziona ndoo. Anafanya kazi kwenye mtambo wa maji, basi kwake kila glasi ni hotuba. Eti tangu mwezi uliopita klorini wanaichanganya na amonia ili idumu kwenye mabomba. Eti haipai tena hata ndoo zikae wiki, lazima nitie dawa ya kuivunja. Chupa anayo, ataniletea. Wema gani huu wa ghafla? Nitie dawa yake, Jaji afe, chumba kiwe chake! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kaniambia. Mkuu gani? Ananizidi miezi miwili.

Nimezinusa ndoo zote nne. Hazinuki chochote.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimebadilisha maji. Kioo kinameta! Samaki wamechangamka, wanakimbia huku na huku, mmoja anajisugua kwenye mawe. Hizo ndizo shukrani.

Saa nane mchana. Wote wako juu, midomo nje, wanahema. Njaa hiyo. Nimewapa chakula, wamekisusia.

Saa tisa. Jaji kalala ubavu. Nimepiga magoti mbele ya tangi nikamwomba msamaha, mimi na ndevu zangu. Niliogopa kwelikweli. Nilimwona mama mkwe akiingia na kumsalimia asiyekuwepo. Nikampigia simu mwanyumba. Afadhali ningeng'olewa jino.

Ijumaa, 7 Machi
Alikuja jana hiyo hiyo na sare ya kazi, jasho linamtiririka, chupa mkononi. Akapima dawa, akaimimina, akakaa kwenye kigoda akiwatazama samaki mpaka Jaji akasimama sawa. Hakunicheka. Angenicheka ningepata pa kumshika. Leo wote sita wazima, na ameahidi kwamba mama mkwe hatajua. Anajikosha tu. Mtu mwema hivyo lazima ana jambo.

Jumamosi, 8 Machi
Kesho mama mkwe anarudi! Mwanyumba kabandika karatasi kwenye tangi: sifongo ya chujio isioshwe kwa maji ya bomba, kwa sababu ndani yake wanaishi vijidudu wema wanaomaliza uchafu wa samaki kabla haujawa sumu, na dawa ya bomba itawaua.

Vijidudu wema! Mama mkwe ni mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mji huu kwa mikono inayonukia sabuni, leo akute vijidudu vimepangishwa sebuleni kwake? Hapo ndipo nilipouona mtego. Aliahidi kunyamaza ili aninase Jumapili.

Nimeichomoa sifongo. Ilikuwa nyeusi tititi! Nimeisugua nusu saa nzima chini ya bomba, nimefungulia mpaka mwisho, mpaka ikarudi njano ya dukani. Hakuna kijidudu hata kimoja kilichopona. Nimeirudisha mahali pake, karatasi nimeichana, na sasa napima ukuta wa chumba cha mbele nione saa zangu nitazitundika wapi.