Jaketi la Hewa na Mjomba wa Kinole

Wadau, leo nimeadhirika. Naandika nikiwa kwenye kibanda cha intaneti hapa Mwembesongo, mbavu zinauma, na dada wa kaunta ameshaniuliza mara mbili kama nimepata ajali. (Ndiyo. Ila siyo ya aina anayoifikiria.)

Kwa wageni wa jukwaa hili: mimi ni fundi wa ngozi. Nilikuwa nashona viatu na mikoba sokoni mpaka shamba moja la mkonge lilipobinafsishwa, mwekezaji akaja na farasi wake. Matandiko, yale ya ngozi anayokalia mpanda farasi, yakaanza kuachia mishono, nikaitwa. Nilienda kushona, nikabaki. Siku hizi mimi ndiye mtunza matandiko, na Madam, yaani huyo mwekezaji, akiwasha dishi lake tunatazama wote yale mashindano makubwa ya Ulaya: siku moja farasi anatembezwa kwa madaha, nyingine anakimbizwa porini akiruka magogo na mitaro, nyingine anaruka vizuizi uwanjani. Mnanijua. Mtu akipanda kule na mkanda wa tumbo, ule unaolishikilia tandiko kwenye farasi, umelegea, mimi huku Morogoro usingizi sipati.

Na mnaujua msimamo wangu kuhusu jaketi la hewa. Lina mtungi mdogo wa gesi, na kamba unayoifunga kwenye tandiko. Ukirushwa, kamba inavutika, jaketi linajaa hewa kabla hujagusa ardhi, uti wa mgongo unasalimika. Sharti ni moja: ukitaka kushuka mwenyewe, chomoa kamba kwanza. Wiki iliyopita mdau mmoja humu alisema watu watasahau kuchomoa. Nikamjibu kwamba anayesahau kamba aende akapande baiskeli. (Nimejaribu kuufuta ujumbe huo sasa hivi. Haufutiki.)

Sasa Madam amerudi safari, kaleta jaketi hilo. Nimebembeleza tangu juzi. Leo kakubali nilijaribu, nizunguke uwanjani na Karafuu, farasi jike mpole kupita wote pale shambani.

Nikajiandaa kama bingwa. Mkanda wa tumbo nikaukaza, nikamtembeza Karafuu kidogo, nikaukaza tena, maana farasi ana ujanja wa kuvimbisha tumbo unapomfunga. Kofia ngumu, kidevuni pamefungwa. Jaketi, vifungo vyote. Kamba, klik, kwenye tandiko. Kibwana, anayelisha farasi, alikuwa ameegemea uzio akinitazama.

"Unaenda vitani?" akauliza.

"Usalama kwanza," nikamjibu, na sauti niliitia uzito makusudi.

Tukazunguka. Mwendo wa matembezi, kisha mchakamchaka, kisha tukaruka gogo. Gogo lenyewe ni fupi, kuku angelivuka bila kukunja kanzu, lakini mimi niliona Uluguru yote imesimama kunipigia makofi. Nilifurahi jamani. Nilifurahi mpaka nikageuka kuelekea getini, nikamwona Rehema.

Rehema ndiye ninayetaka kumuoa. Na pembeni yake amesimama mzee mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kikapu cha machungwa mkononi. Huyo ni mjomba wake kutoka Kinole, na kwa Waluguru baba anashauriwa, mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Mjomba huyu alitumikia jeshi miaka mingi, akastaafia kambini Ngerengere kabla ya kurudi mlimani kulima. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mchumba wa mpwa wake anashinda na farasi, na jibu lake lilikuwa kwamba hatapokea posa yoyote mpaka ajionee kwa macho yake huyo mtu ana akili timamu.

Nilijua atakuja. Nilidhani Ijumaa. Kumbe kaamua kunifuma kazini.

Nikamsogeza Karafuu taratibu mpaka mbele yao. Mzee akainua uso, kiganja juu ya macho kuzuia jua. Hapo nikagundua tatizo. Mimi niko juu, yeye yuko chini. Nitamwamkiaje mzee nikiwa nimekaa juu ya kichwa chake? Mkwe mtarajiwa anamwangalia mjomba utosini? Rehema naye alikuwa ananikodolea jicho la *shuka, mwanaume, shuka*.

Nikashuka. Haraka, kwa adabu zote, mkono wa kulia tayari kwa kusalimia.

"Shikamo—"

PAAA!

Wadau, mtungi ule mdogo una sauti kubwa kuliko mnavyosoma kwenye karatasi ya maelekezo. Jaketi lilijaa kwa pigo moja. Kidevu kikapanda juu, mikono ikatoka pembeni, mbavu zikabanwa, pumzi ikakata. Nilikuwa nimesimama kama sanamu la kutishia ndege, naona mawingu tu.

Nilipofanikiwa kuteremsha macho, mjomba hakuwepo. Yaani alikuwepo, lakini chini. Kalala kifudifudi kwenye samadi mbichi, kanzu na yote, mkono mmoja umemkandamiza Rehema kichwa.

"Laleni!" anaamrisha. "Laleni wote! Mlio umetokea kushoto!"

Kibwana akalala. (Yule anajua kabisa ni jaketi. Alilala ili apate mahali pa kuchekea.) Karafuu peke yake ndiye aliyebaki na heshima zake. Alisogea hatua chache, akaanza kula machungwa yaliyomwagika.

"Nani kapiga?" mzee akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni jaketi, mzee," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, inapita pembeni ya jaketi.

"Jaketi lako lina risasi?"

"Lina hewa."

Mzee akainuka polepole, upande mzima wa mbele umekuwa kijani na kahawia. Nikataka kumsaidia, lakini kuinama siwezi, na nilipojaribu nilipinduka nikaanguka chali miguuni kwake. Haikuuma hata kidogo. Jaketi ni zuri, nitasema ukweli.

Akasimama kichwani pangu, akanitazama kutoka juu. Akanibonyeza tumbo kwa kidole kimoja, likarudi.

"Hili ni la nini?"

"La kukinga mtu akianguka kutoka kwenye farasi."

"Ulianguka?"

"Hapana, mzee. Nilishuka."

"Ulishuka kufanya nini?"

"Kukuamkia."

Rehema alifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nilidhani analia. Nilijisikia vibaya kweli. Miaka miwili nimemsubiri binti huyu, nimejenga vyumba viwili, halafu hatima yangu naisubiri chali, mikono imetanuka, sijui hata hewa inatolewaje.

Mzee akakung'uta samadi kwenye mkono wa kanzu. Akamtazama Karafuu, akatazama machungwa, akanitazama mimi.

"Wale vijana wa kwanza walioleta habari za posa," akamwambia Rehema, "mmoja alinisalimia akiwa ndani ya gari. Kioo nusu. Injini inanguruma."

Rehema akaitikia kwa kichwa, mtandio bado usoni.

"Huyu kashuka," mzee akasema. "Kajilipua, lakini kashuka."

Kisha akaniinamia, akazungumza kwa upole ambao sikuutegemea. "Kijana, posa yako nitaipokea. Ila wewe mwenyewe siku hiyo usipande mlimani. Mama yangu yuko pale nyumbani, ni mzee sana, moyo wake hautaki mishtuko. Tafuta mshenga. Mtu mzima, mtulivu, aje kwa miguu."

Akaondoka na kanzu yake ya rangi mbili. Rehema akapiga magoti pale nilipolala, akanifungua vifungo, akacheka mpaka akakaa chini. Kibwana yeye hakuwahi kuinuka.

Kwa hiyo, wadau, nimekubaliwa, na natafuta mshenga wa kwenda Kinole wiki ijayo. Nauli, chakula na kanzu juu yangu. Sharti ni kwamba akifika kule, mzee akianza kuwasimulia ndugu zake jinsi tulivyofahamiana, yeye atazame chini na asicheke. Ambaye ameshacheka hadi hapa, asijisumbue kuomba.