Ngano Iliyokanyagwa

Jumamosi, 12 Oktoba
Mkutano wa chama cha bustani kinachotukodisha viwanja. Mwenyekiti, Bwana Pohle, akanisimamisha mbele ya watu: ama nilime kiwanja changu kama wenzangu, ama nipokonywe mwezi Machi. Mke wangu Heidrun akainamisha kichwa. Bustani ilikuwa ya marehemu baba yake. Nyumbani akaniambia, "Detlef, ukinipotezea bustani ya baba, na wewe utafute pa kulala." Atulie! Nina mpango. Ngano ya majira ya baridi. Unamwaga mbegu, unafukia, unalala mpaka kiangazi. Wenzangu hawajagundua? Wajinga.

Jumapili, 3 Novemba
Imeota! Matuta mawili, kijani kibichi. Nikamwita jirani, Bi. Mehnert, aje aone. Ana kabichi kubwa kama miavuli, na anajua hilo. Akachungulia juu ya ua, akauliza kama nimeanza kufuga mbuzi. Mbuzi! Wivu mtupu.

Jumamosi, 18 Januari
Jalidi wiki nzima, baridi ya kugandisha ardhi. Udongo umeumuka kama unga wenye hamira. Nafika bustanini, namkuta nani? Bi. Mehnert, ndani ya kiwanja changu, anaikanyaga ngano yangu! Kwa mabuti! Hatua kwa hatua, kama yuko kwenye gwaride. Tuta la kushoto lilikuwa limeshalala chali. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa Pohle akajibu. Eti baridi imeinua mizizi, lazima ishindiliwe irudi ardhini. Eti ananisaidia. Nikamwambia, mama, msaada huo kazipe kabichi zako. Akaondoka. Tuta la kulia nimeliokoa. Nimelitifua vizuri, laini kama mto wa kulalia.

Jumapili, 16 Februari
La kulia limegeuka manjano. Linapumzika tu. La kushoto limesimama wima, linanicheka. Heidrun akauliza kulikoni. Nikasema ni aina mbili za ngano.

Jumamosi, 22 Machi
Ukaguzi. Pohle akavuta shina moja la tuta la kulia. Likaja na mizizi yake yote. Akavuta jingine. Heidrun akanibana mkono mpaka ukauma. Kisha Pohle akageukia la kushoto. Akavuta, shina likagoma kutoka. Akasema ngano safi namna hii hajawahi kuiona hapa chamani, na kwa mwaka huu inatosha. Akaniuliza, siri yake nini? Bi. Mehnert alikuwa kwenye ua na kikombe chake, ananikodolea macho. Nikajibu, "Kushindilia, Bwana Pohle. Watu wengi hawajui." Bi. Mehnert akapaliwa na kahawa. Bustani imebaki yetu! Heidrun akatokwa machozi, akanibusu mbele ya wote. Kumbe ukulima uko damuni mwangu.

Jumapili, 23 Machi
Nimeamka mapema kumfurahisha Heidrun. Tulipani, yale maua aliyopanda baba yake, zimechomoza kando ya kibanda cha bustani, lakini legelege. Nimezishindilia zote, moja moja, kwa kisigino. Bi. Mehnert akapayuka ng'ambo ya ua: acha, wewe baba, acha! Wivu haujamtoka bado. Nimekaa hapa mlangoni pa kibanda, namsubiri Heidrun aje aone.