Habari Tukufu ya Juvénal na Amina Aliyoitamka Gatini

Sogeeni, enyi watu wa Fittja na Alby huku Sweden, nanyi wa Husby mnaokuja kwa treni ya buluu! Zimeni simu, wanyamazisheni watoto, na aliyeacha sufuria jikoni akapunguze moto. Kwa maana nawaletea tendo la Juvénal mwana wa Zénon, Mwinua-Wazee asiyechoka, Mlinzi wa Tiketi Kumi na Tisa, siku ile aliposimama gatini, mchana kweupe, akamkatiza mama mkwe wake.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Juvénal, ambaye siku za kazi hutunza wazee majumbani mwao, aliwaongoza watu wa kanisa lake kwa basi hadi jumba la kale la mabwana wa mashamba, kando ya ziwa, ambalo sasa ni makumbusho; na baada ya hapo wapande mashua iingie kinamasini. Mashua ingeondoka saa saba kamili, na siku hiyo haikuwa na safari nyingine. Yote hayo aliyapanga kwa ajili ya mtu mmoja: Mama Adrienne, mzazi wa mkewe Josiane, Nguzo ya Maombi, aliyefika kutoka Uvira wakati wa theluji na tangu hapo akawa anakaa dirishani, ghorofa ya nne, akisema neno moja tu, kwamba ameyakumbuka matete ya mto Ruzizi. Juvénal aliapa mbele ya nyumba nzima: “Mama, matete utayaona!” Na mwanamume akishamwapia mama mkwe, jamani, hana pa kurudi.

Jumba wakaliteka chumba kwa chumba. Waliziona sahani zisizoliwa, uma za aina kumi na mbili, na kiti cha bwana ambacho kila mtu alikatazwa kukikalia na mzee Damas akakikalia. Mwisho wakafika kwenye kibanda cha vibarua wa shamba: chumba kimoja, nao walilala humo watu tisa. Mama Adrienne akasimama, akaushika mwimo wa mlango.

“Hawa batu,” akauliza, “nani aliwaombea?”

Mwongoza wageni akapekua karatasi zake.

“Basi tutawaombea siye,” akasema, na jeshi zima likatetemeka, maana lilimjua.

Gatini, zikiwa zimebaki dakika kumi, Mama Adrienne akainua mkono. Vichwa vikainama. Alianza na wale tisa wa kibandani, akashuka kwa watoto wao na wajukuu wao, akavuka hadi Uvira, akapita Bujumbura kusalimia, akarudi kuliombea bunge la Sweden, kisha dereva wa basi na breki zake, kisha magoti, ya kila mwenye magoti. Nahodha, mama mmoja mwenye koti la manjano, alionyesha saa yake. “Vi åker klockan ett,” akasema kwa upole, yaani saa saba tunaondoka, akainama kufungua kamba ya kwanza.

“Pappa, båten går!” akanong'ona Emmanuella, binti wa Juvénal, kwamba mashua hiyo inaenda.

Josiane akamfinya mumewe. “Sema kitu!”

“Mimi? Si ni mama yako!”

“Mimi ni mtoto wake. Nitamukata mama sala?”

“Na miye ni mukwe! Uliona wapi mukwe anamukatia mama sala mbele ya kanisa?”

Ndipo shujaa akausemesha moyo wake: “Ee moyo, uliyewabeba wazee wa kilo mia kutoka kitandani hadi bafuni na hukulegea! Ukinyamaza, Mama atarudi dirishani bila matete, na kiapo chako kitaozea hapa. Ukisema, utaitwa mkosa adabu hadi Bukavu. Simama!” Kamba ya pili ikalegea. Na hapo Mama Adrienne, akielekea kwa samaki wa ziwa, akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndogo. Juvénal akaingia nayo vitani, kifua mbele.

“AMINA!”

Bata wakaruka. “Amina!” likaitika kanisa zima kwa furaha isiyo na kifani, likakimbilia mashua, wengine macho bado wameyafumba. Mama Adrienne alibaki na mkono juu. Akafungua jicho moja, akafungua la pili, akamtazama mkwe wake. Juvénal akampa mkono wa kupandia. Akaupokea, akapanda.

Mashua ikaingia katika matete. Yalisimama pande zote mbili, marefu kuliko watu, yakiwagusa mabega. Mama Adrienne alikamata moja, akalinusa, akacheka mpaka mashua ikayumba. Kisha akamwinamia mkwe wake sikioni.

“Mukwe wangu, ulifanya muzuri. Nilikuwa nangoja tu mutu aseme amina. Nilishakosa fasi ya kumalizia.”

Basi na iandikwe, na wanaobisha waulizwe walikuwa wapi: saa saba kasoro nusu dakika, mkwe alimkata mama mkwe neno mbele ya kanisa zima, na mama mkwe akamshukuru.